Siku 84 na Mtoto wa Wiki 29

Kwa miaka sita kabla sijawa mama, sehemu ya kazi yangu ilikuwa kuhesabu likizo za wanawake wengine. Nilikuwa mhasibu msaidizi katika kampuni binafsi hapa Dar es Salaam, na kwenye droo yangu lilikuwamo faili la likizo za uzazi: cheti cha daktari, tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, na katikati yake siku 84, wala si 83 wala 85. Nilijaza tarehe hizo kwa kalamu ya bluu na sikuwahi kuzifikiria zaidi ya hapo. Mwanamke aliondoka na tumbo, akarudi na picha za mtoto kwenye simu, ofisi nzima ikazitazama na kumpongeza, nami nikafunga ukurasa.

Mwaka 2019 zamu yangu ilifika, ila haikufika kwa utaratibu wa lile faili. Sheria humtaka mwajiriwa amjulishe mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na barua yangu ilikuwa na wiki mbili tu tangu ipigwe muhuri wa mapokezi pale presha iliponipanda usiku mmoja hadi macho yakaanza kuona vimulimuli. Kufikia alfajiri madaktari walikwisha kuamua kwamba mtoto atolewe, la sivyo tungepotea wote wawili. Binti yangu alizaliwa na wiki 29 za ujauzito, uzito wake gramu 1,150. Chupa ya maji ya lita moja na kikombe kidogo cha chai juu yake: huo ndio uzito nilioonyeshwa kwa sekunde chache, umefungwa kitenge, kabla haujakimbizwa kwenye wodi ya watoto njiti.

Nataka kuandika kuhusu sera ya likizo ya mama aliyejifungua mtoto njiti, na nitafika huko. Lakini sera hii haieleweki mpaka mtu ajue kinachofanyika ndani ya wodi ile, kwa sababu wengi wetu tunadhani kwamba mtoto njiti anatibiwa na mashine, na kwamba kazi ya mama ni kukaa nje kwenye benchi akisali.

Kila asubuhi saa kumi na mbili watoto walipimwa uzito. Nesi aliita kwa namba ya kitanda, si kwa jina, maana wengi walikuwa hawajapewa majina. Wazazi wa njiti husita kutoa jina mapema, na hakuna anayelisema jambo hilo kwa sauti. Mtoto alivuliwa kofia, soksi na nepi, akalazwa juu ya mizani akiwa na mpira mwembamba wa kulishia uliopitishwa puani, kisha sote tukasubiri tarakimu itulie. Siku ya tano binti yangu alikuwa ameshuka hadi gramu 1,060. Niliambiwa ni kawaida, watoto wote hupungua kwanza, lakini nilirudi kitandani nikiwa kama niliyeibiwa. Baada ya mizani kilifuata kikombe: kila baada ya saa mbili tulikamua maziwa, wengine matone kumi tu ya rangi ya manjano, nesi akayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akayamimina taratibu kupitia ule mpira. Mililita mbili. Kisha tatu. Siku alipopokea mililita kumi bila kutapika nilimpigia simu mama mkwe kumpa habari hiyo kana kwamba mtoto amefaulu mtihani wa darasa la saba.

Alipoweza kupumua bila msaada wa mashine, tulihamishiwa kwenye chumba cha kangaruu. Humo mama hukaa nusu ameegemea, kifua wazi, mtoto akiwa na nepi na kofia tu amelazwa wima katikati ya matiti kama chura, na kanga ikawafunga wote wawili. Huna kazi nyingine. Joto lako ndilo joto lake, mapigo ya moyo wako yanamkumbusha kupumua pale anaposahau, na kweli wanasahau. Kuna sekunde ambazo unahisi kifua chake kimetulia kupita kiasi, unamsugua mgongo kwa kidole, naye anashtuka na kuanza tena. Nilikuwa nikifanya hivyo usiku kucha. Nesi mmoja wa zamu ya usiku, mama mtu mzima, aliwahi kunikuta nimemrudisha mtoto kwenye kitanda chake kidogo ili ninyooshe mgongo, akaniambia, "Mama, dawa yake ni wewe. Ukiiweka pembeni, nani atampa?"

Nilidhani anazungumza kwa mafumbo. Baadaye nilipoanza kusoma niligundua kwamba alikuwa anaeleza utaalamu wake kwa lugha nyepesi. Njia hii ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, katika hospitali ambayo mashine za joto hazikutosha, ambako Daktari Edgar Rey Sanabria aliamua kuwaweka watoto vifuani mwa mama zao. Kwa miaka mingi ilitazamwa kama njia ya maskini, ya kutumia pale vifaa vinapokosekana. Kisha mwaka 2021 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu, wenye watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali yao itulie, walikufa kwa asilimia 25 pungufu kuliko wale waliosubirishwa. Tofauti ilikuwa dhahiri kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima watoto wa kundi la pili. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kwamba mtoto njiti akae kifuani saa 8 hadi 24 kila siku, kadiri inavyowezekana.

Naomba msomaji aliyewahi kuajiriwa arudie kuisoma namba hiyo. Saa 8 ni siku nzima ya kazi, na hapo ndipo dozi inapoanzia. Hakuna mwanamke anayeweza kukaa saa 8 ofisini, saa 3 ndani ya daladala, na bado akatoa dozi hiyo kama inavyotakiwa. Kwa hiyo likizo ya mama wa njiti haifanani na likizo nyingine zilizomo kwenye faili langu. Ni sehemu ya matibabu, sawa na oksijeni, na inapaswa kutungiwa sera kwa jicho hilo. Siku hizi hakuna waziri anayesimama mahali popote kusema kwamba oksijeni ya watoto wachanga ni gharama isiyo ya lazima kwa waajiri.

Tulikaa hospitali siku 44. Tuliruhusiwa binti akiwa na gramu 1,810, na masharti marefu: kangaruu iendelee nyumbani, wageni wasimbebe, maziwa yakamuliwe na apewe kwa kikombe mpaka awe na nguvu za kunyonya, kliniki kila wiki. Nilipofika nyumbani nilifanya kile ambacho mikono yangu ilikuwa imezoea kukifanya, nikachukua kalenda na kuhesabu. Siku 84 kutoa 44 ni 40. Mtoto aliyezaliwa na wiki 29 alitakiwa kukaa tumboni wiki nyingine 11, yaani siku 77. Maana yake ni kwamba likizo yangu ingekwisha siku saba tu baada ya tarehe aliyopaswa kuzaliwa. Madaktari wana namna yao ya kuhesabu umri wa watoto hawa, wanauita umri uliorekebishwa, na kwa hesabu hiyo nilikuwa naamriwa kumwacha nyumbani mtoto wa wiki moja.

Niliandika barua kuomba nyongeza. Sitaitaja kampuni ile, na kwa kweli sina kinyongo nayo, kwa sababu jibu lililorudi lilikuwa sahihi kisheria na niliweza kukisia hata aliyeliandika. Lilisema kwamba likizo ya uzazi ni siku 84 kwa mujibu wa sheria, kwamba likizo yangu ya mwaka nilikuwa nimekwisha kuitumia nilipokuwa nikiumwa miezi ya mwanzo, na kwamba naweza kupewa siku 14 bila malipo endapo kazi itaruhusu. Kazi haikuruhusu, ulikuwa msimu wa kufunga hesabu. Nilirudi. Sheria ilinipa pia haki ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, haki nzuri kabisa kwa anayeishi jirani na ofisi. Mimi nilikuwa nafanya kazi Posta na kuishi Mbagala, na anayeijua barabara ya Kilwa anajua kwamba saa mbili zile zilikuwa zinaniruhusu kufika nyumbani, kumwona mtoto kupitia dirishani, na kugeuka. Nilikamulia chooni, nikihifadhi maziwa kwenye chupa ndani ya mfuko wa barafu. Wiki ya tano maziwa yalikuwa yamekauka, tukahamia maziwa ya kopo, na kopo moja lililiwa kwa siku chache tu.

Binti yangu yu hai. Naliandika hili mapema ili msomaji asiendelee kusubiri. Ana miwani, ni mkaidi, na anajua kusoma.

Nilichokuja kukifanya baadaye ni kuisoma sheria yenyewe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, ambacho nilikuwa nikikitumia miaka yote bila kukisoma. Kwa viwango vya wakati wake si kifungu kibaya hata kidogo. Kinatoa siku 84 kwa malipo, siku 100 kwa aliyejifungua mapacha au zaidi, na kinakataza mwanamke kurudishwa kazini ndani ya wiki sita bila daktari kuridhia. Kisha nikakutana na kijifungu kinachosema kwamba iwapo mtoto atafariki ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa, mama ana haki ya siku nyingine 84 ndani ya mzunguko huohuo wa likizo. Nilikisoma mara tatu. Naelewa kwa nini kiliwekwa: likizo ya uzazi hutolewa mara moja katika miezi 36, na mama aliyefiwa huenda akabeba mimba nyingine mapema. Ni kifungu cha huruma. Lakini kukiweka kando ya hali yangu kulinipa uchungu ambao bado haujaisha. Watunga sheria walimfikiria mtoto aliyezaliwa mzima, wakawafikiria mapacha, wakamfikiria mtoto aliyekufa. Yule aliyekuwa bado anapigana hakuwapo mezani siku hiyo.

Kutokuwapo kwake kunaonekana hadi kwenye takwimu za taifa. Utafiti wa hali ya afya ya mama na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 67 walikuwa wanafariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa mwaka 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 43. Ni mafanikio makubwa, na yametokana na mambo ambayo Serikali imeyasimamia, chanjo na vyandarua vikiwa mbele. Lakini vifo vya mwezi wa kwanza wa maisha vilikuwa 25 katika kila 1,000 kwenye utafiti wa kwanza na 24 kwenye wa pili. Kifo kimoja tu kimepungua. Zaidi ya nusu ya watoto wanaokufa kabla ya miaka mitano sasa wanakufa kabla ya kutimiza siku 28, na duniani kote kuzaliwa kabla ya wakati ndiko kunakoongoza kuua watoto wa chini ya miaka mitano. Chandarua hakimsaidii mtoto wa gramu 1,150. Wala chanjo haimsaidii, kwa wiki zile za mwanzo. Anahitaji nesi anayejua, hewa, maziwa ya mama yake na kifua cha mama yake, na viwili kati ya hivyo vinne vinategemea kama mama yuko.

Kwa hiyo lilipokuja badiliko sikulipokea kama zawadi. Kwa miaka kadhaa wazazi, wauguzi, madaktari wa watoto na taasisi za kiraia walikuwa wakilisemea, na ni haki kuitaja Taasisi ya Doris Mollel, ambayo mwanzilishi wake mwenyewe alizaliwa njiti, kwa kuwa ndiyo iliyobisha hodi kwa sauti kubwa na kwa muda mrefu kuliko wengi. Mei Mosi ya mwaka 2024 Serikali ilitangaza kwamba muda wa likizo kwa mama aliyejifungua mtoto njiti utaongezwa ili kufidia wiki ambazo mtoto hakuzimaliza tumboni, na baba, ambaye sheria ilikuwa ikimpa siku tatu, apewe saba. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Bunge likapitisha marekebisho ya sheria za kazi, na mtoto njiti akaingia kwa mara ya kwanza katika kifungu kile nilichokuwa nikikijaza kwa kalamu ya bluu.

Nimejiuliza sana kwa nini hoja hii ilipita wakati hoja nyingi za watoto hukwama. Kuna wanaosema ni huruma, kwamba hakuna mbunge anayeweza kuipinga picha ya mtoto anayeenea kwenye kiganja. Mimi siamini sana huruma katika mambo ya sheria. Picha zile zilikuwapo miaka yote, na kila tarehe 17 Novemba, Siku ya Watoto Njiti Duniani, viongozi walikwenda wodini na nepi na sabuni, wakapigwa picha, wakaondoka. Nadhani kilichobadilika ni kwamba watetezi waliacha kuomba nepi wakaanza kuomba hesabu irekebishwe. Sheria inahesabu tangu siku ya kuzaliwa. Mtoto huyu amezaliwa kabla ya siku yake. Basi tofauti ifidiwe. Hoja hiyo afisa utumishi anaweza kuijaza kwenye fomu bila kubishana na yeyote, na mwanasheria wa Serikali anaweza kuiandika kwa mistari michache. Anayetaka kuitetea afya ya watoto mbele ya dola ajifunze kutoka hapo, maana tuna desturi ya kupeleka machozi Dodoma na kurudi na ahadi.

Hata hivyo, mhasibu aliyemo ndani yangu anaona tundu. Siku zile zilizoongezwa zinalipwa na nani? Kwa utaratibu wetu mshahara wa mama aliye likizo unatoka kwa mwajiri wake. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inalo fao la uzazi kwa mwanachama aliyetimiza masharti ya uchangiaji, na ni jambo jema, lakini fao hilo halimwondolei mwajiri mzigo wa kumlipa mtu asiyekuwapo huku akimlipa anayeshika nafasi yake. Kampuni yenye watu 400 haitaona tofauti. Duka la dawa lenye wafanyakazi wanne, watatu wao wakiwa wasichana, litaiona mwezi uleule. Nimekaa kwenye usaili mara kadhaa upande wa meza wa waajiri, na nimewasikia mabosi, watu waungwana kabisa, wakinong'ona baada ya msichana kutoka: huyu kaolewa juzi. Kila tunapoongeza haki ya mama na kumwachia mwajiri mmoja mmoja bili yake, tunamfanya msichana yule awe ghali zaidi kuliko mvulana aliyekaa baada yake kwenye benchi. Ndiyo maana mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000, namba 183, pamoja na kutaka likizo isipungue wiki 14, unasisitiza kwamba mwajiri asibebeshwe peke yake gharama hiyo bila ridhaa yake.

Rwanda waliliona hilo. Mwaka 2016 walitunga sheria ya bima ya likizo ya uzazi: mwajiriwa anachangia asilimia 0.3 ya mshahara, mwajiri anachangia asilimia 0.3, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, na mfuko wa hifadhi ya jamii ndio unaolipa sehemu ya pili ya likizo. Asilimia 0.3 ya mshahara wa shilingi 500,000 ni shilingi 1,500, chini ya bei ya sahani ya wali maharage na samaki mjini. Na sisi si wageni wa utaratibu huu. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao kila mwajiri wa sekta binafsi anauchangia asilimia 0.5 ya mishahara, ili kidole cha fundi kikikatwa na mashine pale Chang'ombe, bili isimwangukie mwenye karakana peke yake. Nimekuwa nikijaza mchango huo kila mwezi na sijawahi kumsikia mwajiri akisema umemfilisi. Kama tumekubaliana kwamba ajali ya kazini ni jambo la kuchangiana, sioni ugumu wa kukubaliana hivyohivyo kuhusu kuzaliwa.

Tundu la pili ni kubwa zaidi. Kitanda kilichofuata changu katika chumba cha kangaruu alilala mama mmoja muuza vitumbua. Alikuwa mcheshi, ndiye aliyenifundisha kufunga kanga isilegee usiku, na mtoto wake wa kiume alikuwa anaongezeka gramu 20 kila siku wakati wangu anaongezeka 12, jambo lililonitia wivu wa kijinga. Siku ya tisa aliniambia anaondoka. Watoto wawili wakubwa walikuwa kwa jirani, jirani amechoka. Mume alikuwa safarini, au ndivyo alivyosema. Mtaji wa unga wa mchele na mafuta ulikuwa umekwisha kuliwa katika chakula cha kununua hapo nje ya hospitali, kwani mtoto alilishwa kwa mpira lakini mama hakuwa na mtu wa kumletea sahani. Nesi alimsihi, daktari alimsihi. Alisaini kitabu cha wanaoondoka kwa hiari, akamfunga mwanawe kifuani, akavaa dera juu yake, akaenda. Mtoto alikuwa na gramu 1,340. Alinipa namba ya simu. Nilipoipiga baada ya wiki mbili haikupatikana, na haijawahi kupatikana.

Marekebisho ya 2025 hayamgusi mama huyu hata kidogo. Hana mwajiri wa kumpelekea barua, hana siku 84 za kuongezewa. Na yeye ndiye wengi wetu: mkulima, mama lishe, msusi, kibarua wa kutwa, dada wa kazi za ndani asiye na mkataba. Kwa sera yetu matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano na ya mama mjamzito hayalipiwi katika vituo vya Serikali, nasi tunajua kwamba msamaha huo hupungua nguvu pale dawa inapokosekana dirishani na mzazi anapoandikiwa karatasi ya kwenda kununua nje. Lakini hata msamaha ungekamilika kwa asilimia mia, si bei ya dawa iliyomfukuza mama yule. Alifukuzwa na njaa yake na ya watoto aliowaacha. Alihitaji sahani tatu kwa siku, nauli ya mtu wa kuwaangalia wakubwa, na fedha kidogo ya kurudishia mtaji, kwa wiki tano au sita.

Hilo si jambo lisilowezekana kibajeti. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, imekuwa ikizilipa kaya fedha kwa masharti ya kupeleka watoto kliniki na shuleni, kwa hiyo utaratibu wa kumfikishia mama fedha kwa sababu ya afya ya mtoto tunao tayari na watendaji wake wamezoea. Ninachokipendekeza ni kuuongezea mlango mmoja wa dharura: mtoto anayezaliwa na uzito chini ya kilo 2 aandikishwe wodini na mganga mwenyewe, na mama yake alipwe posho kwa simu kila wiki anayobaki kwenye kangaruu, awe yumo kwenye orodha ya kaya maskini au hayumo, maana ukimwambia asubiri uhakiki wa kijiji mtoto atakuwa amekwisha kuondoka wodini, kwa njia moja au nyingine. Kisha kila hospitali ya halmashauri yenye wodi ya watoto wachanga itenge chakula cha mama katika bajeti yake kama inavyotenga glavu. Halmashauri zimejenga wodi hizi kwa kasi ya kusifika miaka ya karibuni; ni jengo linalosubiri mama mwenye nguvu ya kukaa ndani yake.

Najua litakalosemwa, kwamba wapo watakaodanganya. Sijui mama atadanganyaje mizani ya saa kumi na mbili asubuhi, lakini na tuseme wapo. Nimekaa na hesabu za kampuni muda mrefu wa kutosha kujua udanganyifu unakaa wapi hasa, na si kwenye chumba cha kangaruu.

Siku hizi nafanya kazi kampuni nyingine, na faili la likizo limenifuata. Mwaka huu ilinifikia fomu ya kwanza ya mama wa njiti chini ya sheria mpya. Cheti cha daktari kilitaja wiki za ujauzito, nikahesabu wiki alizozikosa mtoto, nikaziongeza juu ya siku 84, nikaandika tarehe ya kurudi ambayo kalamu yangu haikuwahi kuifikia, na nikalazimika kutoka nje kidogo kupata hewa. Getini, mama anayetuuzia chakula cha mchana alikuwa amerudi kazini. Alikuwa hajaonekana kwa majuma matatu. Alikuwa anakoroga maharage kwa mkono mmoja, na mwingine ameuweka juu ya kifua, mahali ambapo kitenge kilikuwa kimevimba kidogo, na moshi wa mkaa ukigeukia upande wake alikuwa anageuka nao, kwa mgongo, ili usimfikie aliyemo ndani.